Dashibodi Haikuona Manjano

Siku ya kuniaga kazini, kati ya keki na hotuba, Chebet wa idara yangu aliniinamia akaninong'oneza, "Mama Nafula, si utuandikie kitu? Hawa wapya wanafikiria dashibodi ilishuka kutoka mbinguni." Nilimjibu tutaona. Sasa niko nyumbani Yamumbi, kuku wameshalishwa, mume wangu ameenda kanisani kwa mkutano wa wazee, na kisingizio sina. Acha niandike. Vyeo nilivyopewa sitavitaja, maana vyote vilikuwa kazi ileile na kiti kipya. Mshahara nao ni siri yangu na mume wangu, na hata yeye hajawahi kuujua wote.

Niliingia chama cha wakulima wa nafaka hapa Eldoret nikiwa msichana kutoka pande za Bungoma, na cheti cha kupiga taipu na sketi moja nzuri. Walinipeleka kwa Madam Jerono, mkuu wa idara ya kompyuta. Alikuwa mfupi, sweta haimtoki mwilini hata jua likiwaka, na akikutazama unakumbuka makosa ambayo hujafanya. Alinionyesha kompyuta yangu, akanipa majina ya wakulima nianze kuyaingiza. Kabla ya chai nikaenda msalani. Kurudi, naona ofisi nzima inanitazama na watu wananipigia makofi. Kumbe niliacha kompyuta wazi, na Madam Jerono alikuwa ameketi kwenye kiti changu akawaandikia watu wote ujumbe kwa jina langu: "Wapendwa, kesho ninaleta mandazi ya idara nzima. Karibuni sana."

"Madam, mimi sikuandika hiyo," nikasema, machozi karibu.

"Jina la nani liko hapo chini?"

"Langu."

"Basi ni wewe uliandika. Kompyuta haijui sura yako. Yangu uweke iliki."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya mandazi, na kama bado mnaifuata, mjue ilitoka kwake. Ukiacha kompyuta wazi, unaleta mandazi. Ukimpa mwenzako pasiwadi, unaleta mandazi. Ukimwambia mtu wa nje jambo la ofisi, unaleta mandazi na chai juu. Nimeona mameneja wakibeba mifuko ya mandazi wakipanda ngazi vichwa chini. Hakuna semina niliyowahi kuhudhuria iliyofundisha usalama wa mitambo vizuri kuliko hiyo, na semina nimehudhuria nyingi, hasa zile zenye chakula cha mchana.

Miaka hiyo hesabu za depo, yaani vituo vyetu vya kupokea mahindi huko mashambani, zilikuja Eldoret kwa flashi. Dereva wa lori anaiweka kwenye bahasha, anaifunga kwa raba, anaitupa kwenye kiti cha mbele pamoja na miwa yake na gazeti. Ikifika ina virusi vingi kuliko hesabu, kwa sababu makarani walikuwa wakiitumia pia kwa nyimbo na sinema. Siku moja nilifungua flashi ya depo ya Kesses nikitafuta magunia, nikapata kwaya nzima. Nilisikiliza wimbo mmoja, nisiwe mwongo, kisha nikapiga simu kuwauliza mahindi yako wapi.

Halafu ikaja ile tuliyoiita ofisi ya mtandaoni. Barua, kalenda na shiti, yaani majedwali ya hesabu, zote zikahamia huko, karani wa Moi's Bridge anaandika kwenye shiti yake na mimi Eldoret naona herufi zikitokea. Ha! Siku ya kwanza niliita watu waje watazame. Baada ya hapo Bosi Kosgei, meneja mkuu wetu, alirudi kutoka kwa mkutano fulani Nairobi akisema tunataka dashibodi. Kwa nyinyi mtakaosoma bila kuwahi kuiona, dashibodi ni ukurasa mmoja wa michoro na vibao. Unasoma shiti za depo zote wenyewe, unajumlisha, unamwonyesha bosi magunia mangapi yako wapi na unyevu wake ni wa kiasi gani. Anakunywa chai akitazama, anaamua lori liende wapi.

Aliyetuunganishia mara ya kwanza alikuwa kijana mtaalamu, mpole, viatu vimechongoka mbele. Alimaliza haraka. Bosi akafurahi, sisi tukafurahi. Ni Madam Jerono peke yake aliyekunja uso. Alikuwa karibu kustaafu, na alivuta kiti akamkalia yule kijana karibu kabisa.

"Hii kitu inasoma shiti kwa macho ya nani?"

"Sijaelewa, Madam."

"Hizo shiti zina mlango. Dashibodi yako imeingiaje? Kwa jina la nani?"

Kijana akakohoa. Alikuwa ametumia akaunti ya Bosi mwenyewe, kwa sababu hiyo ndiyo iliyofungua kila kitu. Kila kitu kweli: shiti, barua, mikataba, hata ratiba ya daktari wake wa meno. Dashibodi ilihitaji kusoma safu chache za mahindi, nayo imepewa nyumba nzima. Madam aliniangalia, akaenda zake. Wiki chache baadaye Bosi alibadilisha pasiwadi, na dashibodi ikazima mbele ya wakurugenzi wote wakiwa wamekaa na kalamu zao. Skrini nyeupe. Bosi akaniita kwa sauti ambayo hata askari wa getini aliisikia.

Hapo ndipo nilipopewa kazi ya kuiunganisha upya, na sitajifanya mnyenyekevu: niliifanya vizuri. Nilitengeneza akaunti ambayo si ya mtu. Haipokei barua, haiendi likizo, haifutwi kazi. Inasoma tu, haiwezi kuandika wala kufuta. Inaona shiti za depo na si zaidi ya hapo. Ufunguo wake ulikaa mahali pamoja, tukaubadilisha kwa ratiba, na kila ilipoingia iliacha alama ya saa ngapi na ilisoma nini. Kila mfanyakazi naye akapata jina lake mwenyewe, na namba ya kuthibitisha inayokuja kwa simu. Hiyo ya simu ilituletea vituko. Kuna karani mmoja simu yake ilikuwa inakaa na mke wake, kwa hiyo kila asubuhi ilibidi ampigie amuombe namba. Mke akawa anajua saa kamili anayofika kazini. Yeye ndiye aliyelalamika zaidi kuhusu usalama.

Lakini sehemu ngumu haikuwa mitambo, ilikuwa watu, na si kwa ubaya wao. Huku kwetu mtu akikuomba kitu kilicho mkononi mwako, utamnyimaje? Ukikataa kumpa mwenzako pasiwadi, yeye anaona umemwita mwizi. "Mama Nafula, kwani huniamini?" Swali hilo nililijibu maisha yangu yote ya kazi. Nakuamini, baba, lakini pasiwadi sikupi, na chai nitakununulia.

Sasa niwaambie ya Moi's Bridge, maana najua ndiyo mnayoingojea.

Ilikuwa msimu wa kuvuna na mvua ilikataa kuondoka. Mahindi yakizidi asilimia kumi na tatu na nusu ya unyevu depo haiyapokei, kwa sababu yakiingia ghalani hivyo yanashika ukungu na kuharibu ya wenzao. Chama kilikuwa na mashine moja kubwa ya kukaushia, inayovutwa na lori, na Bosi aliipeleka palipo na unyevu zaidi kwa kutazama dashibodi. Asubuhi moja simu ya ofisi ikalia, nikaishika mimi. Alikuwa mama, hata hakunisalimia.

"Nani amempa broka jina langu?"

"Mama, pole, naongea na nani?"

"Mama Tabitha, wa huku Moi's Bridge. Mahindi yangu yalirudishwa na depo juzi. Sikuambia mtu, hata shemeji yangu hajui! Leo broka amekuja na lori mpaka kwa gate, ananitajia magunia yangu yote, ananiambia, 'Najua yako imekataliwa, ikae hapa ioze ama unipe leo kwa bei yangu.' Bei gani? Ya kulisha nguruwe! Mimi ni mjane, msichana wangu amepata nafasi ya kusomea unesi, na shamba ni hilo moja. Sasa niambie, nani ametoa siri yangu?"

Mabroka nawajua, madalali wanaonunua kwa mtu aliyekwama. Nilifungua dashibodi pale pale. Moi's Bridge ilikuwa kijani. Magunia mengi, unyevu mzuri, hakuna shida yoyote. Kwa mujibu wa mtambo wangu, Mama Tabitha hakuwa na mahindi mabichi, na wala hakuna jirani yake aliyekuwa nayo. Nilitazama ile kijani nikashangaa: vipi broka ajue kitu ambacho dashibodi yenyewe haikijui?

"Mama, usimuuzie," nikamwambia. "Nakuja."

"Utakuja leo?"

"Niko njiani."

Nilichukua gari la ofisi. Karani wa depo ya Moi's Bridge alikuwa Simiyu, kijana wa kwetu, mpole, kazi yake safi, wakulima wanampenda sana. Aliponiona aliruka na salamu ya kwetu, "Mulembe, Mama!" akaleta kiti akakipangusa. Nilimwambia anifungulie shiti yake. Akaifungua kwa fahari, nami nikasogea karibu. Karibu nusu ya shiti ilikuwa imepakwa manjano.

"Simiyu, hii manjano ni nini?"

"Ni wale mahindi yao bado ni mbichi, Mama."

"Na unyevu wao uko wapi? Mbona hapa ni wazi?"

Akashusha sauti, maana nje kulikuwa na wazee wamekaa kwenye magunia. "Mama, mtu ni mzee wa rika la baba yangu. Ameleta mahindi yake na punda, kanyeshewa, amengoja tangu alfajiri. Niandike 'imekataliwa' mbele ya jina lake? Hiyo ni kumwaibisha. Mimi napaka tu rangi. Kila mtu hapa anajua manjano ni nini. Ikikauka anarudi, naandika namba nzuri, natoa rangi. Hakuna mtu ameaibika."

Heshima ile ndiyo niliyolelewa nayo, ningemgombezaje? Lakini nilikuwa nimeshaelewa. Dashibodi inasoma namba na maneno. Rangi haioni hata kidogo. Magunia ya manjano iliyahesabu, ile sehemu ya unyevu iliyoachwa wazi iliiruka, ikabaki na namba nzuri za wale ambao mahindi yao yalikuwa makavu. Ndiyo maana ikawaka kijani.

"Na broka ameonaje?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshaanza kukisia.

"Broka gani, Mama?"

"Hii shiti umempa nani?"

"Hakuna! Nimeweka tu linki kwa grupu ya wakulima, waone foleni yao. Walikuwa wananipigia simu mpaka sili. Watu wanauliza, Mama, nitawanyima?"

Ile linki ilimfungulia yeyote aliyeigusa. Majina, namba za simu, magunia, na manjano yake yote. Na kwenye grupu ya watu wengi hivyo hakukosekani mtu mwenye mkwe broka. Fikirieni basi: mimi nimefunga mlango wa mbele kwa kufuli tatu, dashibodi yangu inasoma kwa jicho moja safi lililochunguzwa, halafu dirisha la nyuma liko wazi, na anayechungulia anaona vizuri kuliko bosi. Nilikasirika, nikataka kucheka, nikataka kulia, yote kwa pamoja. Nilimwambia Simiyu afunge linki hiyo tukiwa tunatazamana. Akaifunga, akanigeukia, kwa sababu alikuwa ameelewa sasa.

"Haki Mama, ni mimi nimewauza?"

"Umewahurumia kwa njia mbaya. Tutaongea. Piga simu kwa Bosi."

Bosi Kosgei alikuwa ameshatuma mashine Kesses asubuhi hiyo. Nilimweleza.

"Lakini dashibodi inasema Moi's Bridge iko sawa!"

"Dashibodi haioni rangi, Bosi."

"Unataka nigeuze lori njiani kwa sababu ya rangi?"

"Ndiyo. Kesses wana kidogo, watangoja. Huku karibu nusu ya shiti ni manjano."

"Mama Nafula, ukinikosesha hapa..."

"Sikukoseshi. Geuza lori."

Akaligeuza. Watu wanamsema Bosi Kosgei kwa mengi, lakini siku hiyo alinisikiliza bila kuniomba ripoti, na hilo simsahaulii.

Kisha nikaenda kwa Mama Tabitha. Lori la broka lilikuwa bado pale, dereva amelala ndani, broka mwenyewe ameketi kwenye stuli ya jikoni akinywa chai ya mwenye nyumba. Mahindi yalikuwa barazani, yamefunikwa na turubai, na ukitia mkono ndani unahisi joto. Yalikuwa yameanza kuharibika. Mama Tabitha alinivuta pembeni. Alikuwa mwembamba, mrefu, macho mekundu.

"Ni wewe wa simu? Mimi nimechoka. Wacha tu achukue."

"Mashine inakuja kesho asubuhi. Ngoja usiku mmoja."

"Na ukinidanganya?"

"Nikikudanganya nitakuja tule hayo yaliyooza mimi na wewe."

Alinitazama sana. Halafu akageuka akamwambia yule broka, kwa adabu kabisa, amalizie chai yake aende. Broka alimaliza hadi tone la mwisho, nampa heshima yake kwa hilo.

Mashine ilifika asubuhi kama nilivyosema, na ilifanya kazi Moi's Bridge mpaka Simiyu akafuta manjano ya mwisho. Ya Mama Tabitha yaliingia ghalani mazuri. Msichana wake ni nesi sasa. Siku moja alinidunga sindano hapa mjini, akaniuliza, "Si wewe ndio ule mama wa mahindi?" na sikuhisi sindano kabisa. Nimepewa vyeti vya kuning'iniza ukutani. Hiyo ndiyo ninayoikumbuka.

Kazi ya kurekebisha ilikuja baadaye. Nilikaa na Simiyu na makarani wenzake tukaongeza safu moja kwenye shiti, ya hali ya mahindi, ya kuchagua neno na si kupaka rangi. Mimi nilikuwa nimeandika "Imekataliwa." Simiyu akakataa katakata. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe ni yeye aliyesema, "Mama, si tuandike 'Inasubiri jua'? Hiyo hata babangu naweza kumsomea." Tukaandika hivyo. Dashibodi ikaisoma, wazee hawakuaibika, na mpaka leo ndivyo ilivyo. Kisha nikakata ruhusa upya: mkulima anapata ujumbe wa mahindi yake tu, karani anaona depo yake tu, bosi anaona jumla bila majina. Wanunuzi wakubwa walipotaka linki ya kutazama yote, na Bosi akaniambia nifungue kidogo tu, niliwanyima. Aliuliza, "Hata mimi unaninyima?" Nikamwambia, hata wewe, Bosi, na chai nitakununulia. Alinuna wiki nzima. Kisha akawa anawasimulia wageni hadithi hiyo kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Madam Jerono alikuwa ameshastaafu wakati huo. Nilimpigia simu nikamweleza yote. Alisikiliza, akasema tu, "Na sasa inasoma kwa macho ya nani?" Nikamjibu. "Haya," akasema, na kutoka kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Ningeishia hapo, lakini msimu huu kuna jambo limetokea. Baada ya kustaafu mimi na mume wangu tulikodi shamba kidogo Moi's Bridge, tukalima. Mvua, kama kawaida yake, ikaja wakati wa kuvuna. Nilipeleka mahindi depo, nikarudi nayo nyumbani, na jioni simu ikanipa ujumbe: Inasubiri jua. Haya basi, neno hilo ni langu sasa. Sikulala vizuri. Nilitia mkono chini ya turubai nikahisi lile joto ninalolijua. Asubuhi nikampigia Chebet, yule niliyemfundisha mwenyewe tangu siku yake ya kwanza, anayekalia kiti changu.

"Chebet mwanangu, hebu nitazamie dashibodi. Mashine inaenda wapi wiki hii? Na mbele yangu kuna nani na nani?"

"Mama, umeamkaje?"

"Nimeamka na mahindi yanapata joto. Nitazamie."

"Mama Nafula, siwezi."

"Huwezi aje? Hiyo kitu nimeijenga mimi!"

"Najua, Mama. Lakini saa hii wewe ni mkulima. Utapata ujumbe wako kama wengine. Majina ya watu siwezi kukupa."

"Kwani huniamini?"

Hilo swali lilitoka mdomoni mwangu mwenyewe, jamani. Chebet, maskini, alijibu kwa woga.

"Nakuamini, Mama. Lakini sikupi. Chai nitakununulia." Halafu, kwa sauti ndogo, "Na Mama, umeniomba siri ya ofisi kwa simu. Unajua hiyo ni nini."

Nilikata simu nikiwa nimewaka. Nilizunguka nyumba. Kuku wakanikimbia. Halafu nikaketi kwenye ngazi na kicheko kikanishika, nikacheka mpaka mume wangu akatoka ndani kuuliza kuna nini. Nilikuwa nalia pia.

Mashine ilikuja kwa zamu yake, si mapema wala si kwa kuchelewa. Gunia moja liliharibika, mengine yakapona. Na siku iliyofuata ile simu niliamka nikakanda unga, nikapeleka mandazi ya idara nzima ofisini. Askari wa getini, ambaye tumesalimiana miaka yote, aliniambia, "Pole Mama, bila kadi siwezi kukuruhusu," akampigia Chebet ashuke. Nikasimama pale nje na beseni langu la mandazi ya iliki kichwani, nikingoja, na katika kazi yangu yote sijawahi kujivunia kitu hivyo.